Roger Bannister: Mbio Zilizotoka Darasani

Asubuhi ya tarehe 6 Mei 1954, Roger Bannister alikuwa katika hospitali ya St Mary's, London, alikokuwa akisomea udaktari. Jioni ya siku hiyohiyo, mjini Oxford, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, akawa mtu wa kwanza anayejulikana kuikimbia kwa muda usiofika dakika nne. Tangu hapo watu wameisimulia jioni ile, na udaktari wake wakautaja kama nyongeza. Huko ni kumpunja. Mbio zile zilitokana na elimu yake, na elimu hiyo iliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya yeye kuvua viatu vya mbio.

Alipokuwa mtafiti Oxford, Bannister aliwakimbiza watu kwenye mashine, akiwemo yeye mwenyewe, mpaka nguvu ziwaishie, huku akipima jinsi hewa iliyoongezwa oksijeni inavyobadilisha upumuaji na uwezo wa mwili. Alifahamu kwamba mkimbiaji anayekwenda kwa kasi isiyopandapanda wala kushukashuka huchelewa kuchoka. Ndiyo maana siku ile ya rekodi mkimbiaji mwenzake Chris Brasher alianza kwa kushika kasi iliyopangwa, mwenzake mwingine, Chris Chataway, akampokea, na Bannister akachomoka katika mzunguko wa mwisho. Wapo wanaosema msaada huo unapunguza sifa yake. Lakini waliotangulia walimkinga upepo tu na kumtunzia mwendo; mapafu na miguu vilikuwa vyake. Isitoshe, mazoezi yake mengi aliyafanya saa ya chakula cha mchana, kwa muda wa kama nusu saa, kisha akarudi kwenye masomo. Mtu mwenye nusu saa hana budi kujua kila dakika yake inamfaa nini.

Uwanja wenyewe nao una habari yake. Alipokuwa kiongozi wa klabu ya riadha ya chuo kikuu cha Oxford, Bannister alipigania njia ya zamani ya uwanja huo wa Iffley Road, iliyokuwa na vipimo visivyo vya kawaida, ijengwe upya. Ikajengwa, na wanafunzi waliomfuata wakaikuta tayari. Siku ya rekodi alikuwa ameshahitimu pale, tena alikimbia upande wa timu ya wageni dhidi ya chuo chake cha zamani! Baadaye akarudi Oxford kuongoza chuo cha Pembroke, kuanzia 1985 hadi 1993. Huu ndio utiifu wa mwanafunzi wa zamani ninaouheshimu, kwa sababu unaonekana katika kazi aliyowafanyia waliokuja nyuma yake.

Aliacha mashindano mwishoni mwa 1954, akabobea katika magonjwa ya mfumo wa fahamu, hasa yale yanayofanya shinikizo la damu liporomoke mgonjwa anaposimama. Alipoongoza Baraza la Michezo la Uingereza miaka ya 1971 hadi 1974, alisukuma utafiti wa kipimo cha kuwagundua wanamichezo wanaotumia steroidi. Mwenyewe aliithamini kazi yake ya tiba kuliko maili ile, nami naona alikuwa sahihi: rekodi yake ilivunjwa na John Landy kabla hata ya miezi miwili kupita.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kumfanya Bannister mfano ni kwamba enzi zile zimepita, kwamba mwanariadha wa leo hawezi kushinda kwa nusu saa ya mazoezi. Ni kweli hawezi. Ila kusoma si lazima kuende sambamba na mbio. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeikimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 51.0 mwaka 1975 na kuweka rekodi ya dunia, alisoma chuo kikuu Marekani, kisha akaanzisha shule nchini kwake. Vyama vya riadha vya Afrika Mashariki huwachukua vijana wetu wakiwa wadogo sana. Viwawekee nafasi ya masomo tangu siku ya kwanza ya kambi, wala visingoje goti liumie.