Je, Wajua? Dhamiri kwenye mizani

Je, wajua kwamba Januari 2019 waendesha mashtaka wa Korea Kusini walitaka kumbukumbu za michezo ya kompyuta za vijana waliokataa jeshi kwa sababu ya dini? Kama imani inakukataza kushika bunduki, mbona usiku unafyatua risasi kwenye skrini? Kabla hujacheka: tangu miaka ya 1950, Mashahidi wa Yehova zaidi ya 19,000 wamefungwa nchini humo kwa kukataa jeshi.

Je, wajua kwamba Uingereza ilipoanza kuchukua wanaume jeshini kwa lazima mwaka 1916, sheria ilimruhusu mwenye kuzuiwa na dhamiri aombe asamehewe? Mabaraza ya mitaa ndiyo yaliyoshika mizani, na swali lao kipenzi lilikuwa: Mjerumani akimvamia dada yako, utamtazama tu? Wanaume 35 walioendelea kukataa walisafirishwa kwa nguvu hadi Ufaransa, wakasimamishwa mbele ya gwaride na kusomewa hukumu: kupigwa risasi. Aliyeisoma akanyamaza kidogo, ndipo akaongeza kwamba adhabu imepunguzwa kuwa miaka 10 ya kazi ngumu. Ule ukimya, nadhani, ulipangwa.

Wako waliosema: bunduki hapana, lakini mwili wangu utumieni. Mwishoni mwa 1944 Wamarekani 36, wakiwemo Wakweka (ndio wale wanaoitwa Friends magharibi mwa Kenya, waliofika Kaimosi mwaka 1902), walijitolea kushindishwa njaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ili ijulikane jinsi ya kuwalisha manusura wa vita. Walikaa chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira. Miezi 6 ya viazi, mkate, kabichi na makaroni, uzito ukapungua robo nzima. Walilamba sahani. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi, wakavisoma kama mtu asomavyo barua ya mchumba.

Desmond Doss, Msabato, aliingia vita vya Okinawa mwaka 1945 na mfuko wa dawa, bila silaha. Majeruhi aliowateremsha gengeni kwa kamba wanakadiriwa kuwa 75.

Na bondia Muhammad Ali je? Houston, 28 Aprili 1967, aliitwa jina ili aingizwe jeshini, hakupiga hatua mbele. Dini yake ya Kiislamu, alisema, haimruhusu. Akavuliwa mkanda, akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka 3. Tarehe 28 Juni 1971 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani walimfutia hatia, 8 kwa 0. Lakini hawakusema dhamiri yake ni safi! Walisema bodi ya rufaa haikuandika ni ipi kati ya sababu tatu iliyomnyima msamaha. Kasoro ya karatasi. Bila kasoro hiyo, huenda ulingo wa Kinshasa usingemwona mwaka 1974.

Eritrea haikuhangaika na maswali. Vijana watatu wa Mashahidi wa Yehova walikamatwa 17 Septemba 1994 kwa kukataa jeshi, wakaachiwa 4 Desemba 2020. Hawakuwahi kufunguliwa mashtaka.

Turudi Korea. Mwaka 2018 (28 Juni tena!) Mahakama ya Katiba iliagiza pawepo utumishi mbadala. Ulianza Oktoba 2020: miezi 36, mara mbili ya ile ya askari wa nchi kavu. Kazi yenyewe iko gerezani. Vijana wanapika, wanafua, wanasafisha, na usiku wanalala kwenye bweni la humohumo.