Kaburi la Mwandishi na Fasihi Yake: Mfano wa Ohlsdorf

Makaburi ya waandishi mashuhuri huzuriwa kwa heshima. Mtafiti wa fasihi hana budi kuyazuru kwa maswali pia. Tuchukue mfano wa Ohlsdorf, eneo la makaburi lililofunguliwa mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1877.

Humo amezikwa Emily Ruete, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 kwa jina la Salme, binti wa Sayyid Said. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani huko Aden mwaka 1867. Kumbukumbu za maisha yake alizichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Alifariki mjini Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg katika kaburi la ukoo wa mumewe.

Ohlsdorf hiyohiyo amezikwa Wolfgang Borchert, aliyefariki mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 26. Tamthilia yake mashuhuri yamhusu askari arejeaye Hamburg kutoka kifungoni Siberia, akakosa pa kupokelewa. Salme naye alirudi Unguja mwaka 1885 na 1888 kudai urithi wake, asiupate.

Je, Salme ni mwandishi wa nani? Kaburi latuonyesha waliomzika, halituamulii fasihi yake. Aliandika kwa Kijerumani, lakini utoto anaousimulia ni wa Unguja, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za nyumbani kwao. Hivyo basi, anayezuru Ohlsdorf asiishie kwenye jina lililochongwa. Akakisome na kitabu.