Fahamu: Ramani ya simu inavyosaidia kuokoa mabinti Tarime na Serengeti

Msimu wa ukeketaji huku Tarime na Serengeti hufika hasa Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Simu inaingia usiku: binti kafichwa kitongoji fulani. Gari la kumwokoa lipite wapi?

Zamani ramani za mtandaoni zilionyesha eneo tupu. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania unajaza pengo hilo kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Watu wa kujitolea, wengine wakiwa ng'ambo, huchora barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti. Wenyeji huongeza majina ya vitongoji, shule na zahanati kwa simu zao. Kazi ya wenyeji ndiyo ngumu zaidi, maana setilaiti haisomi majina.

Ukishapakua ramani mapema, GPS hukuongoza hata bando likiisha. Polisi na wahudumu wa nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, inayowahifadhi mabinti hao, hupata njia bila kuulizia kila nyumba, jambo ambalo lingemshtua ngariba.