Pilipili na Majina Yake

Kotile ni kijiji cha Kaunti ya Garissa, karibu na ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Upande mmja ni nchi kavu ya malisho. Upande wa pili ni bonde la mto, ambako Wapokomo tangu zamani hulima ndizi, maembe na mpunga. Mahali wakutanapo wafugaji na wakulima, lugha nazo hukutana, na neno dogo kama pilipili laweza kumtia mtu hasara.

Mpishi wa Kisomali asemapo basbaas, ataka pilipili kali, au ule mchuzi mzito wa pilipili zilizopondwa pamoja na kitunguu saumu, majani ya giligilani na ndimu, uliwao kwa wali na nyama. Lakini mtu wa pwani asikiapo basbasi hufikiri utando wa kungumanga, kiungo chenye harufu nzuri ambacho hakiwashi kama pilipili. Mtoto atumwaye dukani akirudi na hiki badala ya kile, haifai kumgombeza. (Na aliyeungua mdomo kwa basbaas asikimbilie maji. Ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta, hauyeyuki vema katika maji. Maziwa ndiyo dawa, nayo kwa wafugaji si haba.)

Lililo zito zaidi ni jina la hoho. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, pilipili hoho ni ile nyekundu iwashayo, mbali na pilipili manga. Leo katika masoko ya Kenya hoho ni tunda kubwa, nene, lisilowasha, ambalo Unguja huitwa pilipili boga. Basi mzee aliyezoea neno la zamani, akinunua mbegu kwa jina tu, aweza kupalilia na kunywesha miezi mitatu, kisha akavuna kitu ambacho mteja wake wa basbaas hana haja nacho. Na mafuta ya mashine ya kuvuta maji mtoni hayatolewi bure.

Manga si jamaa yao kabisa. Ni tunda la mmea utambaao wa Malabar, Bara Hindi. Iliitwa manga, yaani ya Arabuni, kwa kuwa Waarabu walikuwa wachuuzi wake. Hoho, mbuzi na kichaa asili yao ni bara la Amerika, nazo zilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492.

Kwa hiyo mkulima anunuapo mbegu na atazame picha ya pakiti, au apeleke tunda lenyewe mkononi. Tena asipande kichaa kando ya hoho tamu ikiwa akusudia kuweka mbegu zake mwenyewe. Nyuki huchanganya chavua. Tunda la mwaka huu litabaki tamu, lakini miche itokayo katika mbegu zake yaweza kuzaa matunda makali, na mnunuzi wa saladi hatarudi tena.