Dawa ya Dripu kwa Baridi Yabisi: Maswali ya Kujiuliza Kabla ya Harambee



Mwaka jana wazee wa mtaa mmoja wa Kipawa walifika ofisini kwetu na bahasha ya michango. Msharika wao, mama anayeuza vitumbua, alikuwa amevimba mikono kiasi cha kushindwa kukamua nguo au kushika mwiko. Ndugu yake aliye nje ya nchi alikuwa amemweleza kuhusu dawa mpya ya kutundikiwa kwa dripu. Fedha zilizopatikana zilitosha dripu moja. Wazee walisema, "Tuanze na hii, ya pili Mungu atafungua njia."

Tuliwaomba wasubiri. Katika makala hii tunaeleza sababu, kwa kuwa maombi ya aina hii yanaweza kufika katika kamati yoyote, na moyo mwema usio na maelezo unaweza kumdhuru yule tunayetaka kumsaidia.

Ugonjwa wenyewe

Watu wengi huyaita maumivu yote ya viungo baridi yabisi. Yapo maumivu ya uzee, ambapo gegedu la goti au nyonga hulika polepole. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa ni mwingine. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando ulio ndani ya maungio. Mara nyingi vidole na viwiko vya mikono yote miwili huvimba, mgonjwa huchoka sana, na asubuhi viungo hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Usipotibiwa mapema, mifupa huharibika na vidole hupinda, na kidole kilichokwisha kupinda dawa haikinyooshi.

Hapa nchini ugonjwa huu haukuzungumzwa sana kwa muda mrefu. Ni jambo la kutia moyo kwamba watafiti wa Hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, wamefanya utafiti wa magonjwa ya maungio katika Wilaya ya Hai.

Dawa ya dripu hufanya nini

Kinga inaposhambulia maungio, mwili hutoa kwa wingi protini iitwayo TNF, ambayo huchochea uvimbe. Dawa iitwayo infliksimabu ni kingamwili iliyotengenezwa kwa kutumia seli hai. Huishika TNF na kuizuia isifanye kazi. Msingi wake uliwekwa New York na wanasayansi Jan Vilček na Junming Le. Mwaka 1992 Ravinder Maini na Marc Feldmann waliijaribu London kwa wagonjwa wa maungio, na mwaka 1999 Marekani iliiruhusu kwa ugonjwa huu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa ambao dawa za awali hazikuwasaidia vya kutosha.

Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Dawa ya kuanzia kwa kawaida ni methotreksati, vidonge vya bei nafuu zaidi, na wagonjwa wengi hupata nafuu kwa hiyo, peke yake au pamoja na vidonge vingine. Lakini ina masharti. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu. Huambatana na vidonge vya foliki asidi na vipimo vya damu na ini, na haitumiki kabisa wakati wa ujauzito. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo, na wengi huiacha hapo katikati. Hivyo swali la kwanza kwa kamati ni hili: je, mgonjwa amekwisha kutumia vidonge hivi ipasavyo, chini ya daktari?

Kwa nini dripu moja haitoshi

Kipimo cha kawaida cha infliksimabu kwa ugonjwa huu ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mama wa kilo 60 huhitaji miligramu 180. Kichupa kimoja kina miligramu 100, hivyo ni vichupa viwili kila safari. Hupewa siku ya kwanza, wiki ya 2, wiki ya 6, kisha kila baada ya wiki 8. Mwaka wa kwanza unakuwa na dripu nane, yaani vichupa 16, na mwaka wa pili huendelea vivyo hivyo.

Tatizo si fedha peke yake. Mgonjwa akipata dripu moja au mbili, akakaa miezi mingi, kisha akarudishiwa dawa, mwili unaweza kuwa umeshatengeneza kingamwili dhidi yake. Dawa hushindwa kufanya kazi, na hatari ya mwili kuikataa kwa ukali huongezeka. Kwa hiyo harambee ya dripu moja si nusu ya msaada. Inaweza kumfungia mgonjwa mlango wa dawa hiyo hapo baadaye.

Vipimo kabla ya kuanza

TNF si adui tu. Ndiyo pia inayosaidia mwili kuvizingira vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala ndani yetu bila kutuugua. Ikizuiwa, vijidudu hivyo vinaweza kuamka. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya infliksimabu. Nusu yao walikuwa wameugua ndani ya wiki 12 tangu kuanza dawa. Zaidi ya nusu walikuwa na kifua kikuu nje ya mapafu, kwa hiyo kikohozi peke yake si kipimo. Tanzania ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Hatari hii ni yetu hasa.

Kabla ya dripu ya kwanza, kamati ihakikishe daktari amefanya yafuatayo:

1. Picha ya kifua na kipimo cha ngozi au cha damu cha kifua kikuu. Vijidudu vilivyolala vikigundulika, dawa za kinga huanza kwanza, kwa kawaida mwezi mmoja au zaidi kabla ya dripu.
2. Vipimo vya homa ya ini aina ya B na VVU.
3. Maswali kuhusu moyo kushindwa kufanya kazi, ujauzito na chanjo. Anayetumia dawa hii hapewi chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano. Mtoto ambaye mama yake aliitumia akiwa mjamzito asipewe BCG anapozaliwa kabla daktari hajaelezwa.

Siku ya dripu

Dawa huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Kwa jinsi umeme unavyokatika, tusikubali kichupa kilichosafiri kwenye begi la mtu au kukaa kwenye friji ya soda. Inunuliwe kupitia hospitali, na iwe imesajiliwa na TMDA. Hupitishwa polepole kwa saa 2 au zaidi, na mgonjwa huangaliwa saa 1 hadi 2 baadaye. Akianza kutetemeka, kuwashwa, kubanwa kifua au kuishiwa nguvu, muuguzi huisimamisha mara moja. Lazima pawepo adrenalini, oksijeni na daktari. Hivyo dripu haitundikwi nyumbani.

Mgonjwa mwenye homa, jipu au jino lililooza aseme kabla. Dripu inaweza kuahirishwa. Akirudi nyumbani, homa isiyokwisha, jasho la usiku au kukonda ni sababu ya kurudi hospitali bila kungoja tarehe yake.

Bahasha ya Kipawa

Yule mama alipofika kwa daktari bingwa, ilibainika kuwa aliwahi kuandikiwa methotreksati, akaiacha baada ya wiki tatu kwa kuwa "haikusaidia." Alianzishwa upya, akaelezwa siku yake ya kumeza ni Jumamosi. Bahasha ililipia vipimo vya damu na nauli za daladala kwa miezi kadhaa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimebaki vimepinda, lakini anakaanga vitumbua tena.

Wapo ambao vidonge havitawatosha, na kwao dripu ni haki ya kutafutwa. Kwa hao tunaziomba kamati na wahisani waahidi mwaka mzima, pamoja na vipimo na nauli, au waseme mapema kwamba hawawezi. Mgonjwa aulize pia kama bima yake inalipia dawa hiyo, na kwa masharti gani, kabla bakuli halijapitishwa.