Mtande: Nyuzi Zinazotangulia Kitambaa

Kitambaa cha kufumwa hukutanisha makundi mawili ya nyuzi: mtande, yaani nyuzi za urefu zinazokazwa kabla ya ufumaji kuanza, na mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa upana, juu ya mmoja na chini ya mwingine. Kwa kuwa mtande huvutwa na kusuguliwa muda wote, uzi wake hutakiwa kuwa na nguvu na msokoto wa kutosha, na viwandani hupakwa wanga ili usikatike.

Maandalizi yake huonekana vizuri Bonwire, mji wa Waashanti nchini Ghana unaosifika kwa kente, ambako kwa desturi mtandaji huchomeka vigingi ardhini na kutembea huku na huko akizungusha nyuzi hadi zifikie urefu unaotakiwa. La kuangaliwa zaidi ni mpishano, yaani mahali nyuzi zinapopishanishwa ili kila mmoja ulinde zamu yake, kwani mpangilio huo ukivurugika, kuzitatua ni taabu kuliko ufumaji wenyewe. Kisha kila uzi hupitishwa katika vitanzi vya kuinulia na kushushia nyuzi, halafu katika meno ya kitana kinachoshindilia mshindio.

Kente hufumwa kwa mikanda yenye upana wa takriban sentimita 10, hivyo mtande wake ni mwembamba lakini mrefu mno. Hunyooshwa mbele ya mfumaji na kufungwa kwenye kibao kilicholemezwa kwa jiwe, ambacho huburuzika kumkaribia kadiri kitambaa kinavyoongezeka.