Hedera: Mmea Mmoja na Majina Yake

Katika misitu ya Ulaya, na juu ya kuta zake kongwe, huota mmea utambaao ambao majani yake hayapukutiki hata wakati wa baridi kali. Waingereza huuita «ivy», Wajerumani «Efeu», na Wafaransa «lierre». Wataalamu wa elimu-mimea wa mataifa yote huuita Hedera helix, jina alilolichapisha Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Hedera ni jina lake la Kilatini cha kale. Helix latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichojipinda.

Majina ya kawaida hubadilika. Zamani Wafaransa walisema «iere», wakitanguliza herufi «l» kama kibainishi. Baadaye herufi hiyo iligandamana na jina, kikaongezwa kibainishi kingine mbele yake.

Hedera hupanda kwa vijizizi vifupi vya shinani vinavyotoa gundi. Wengi hudhani kwamba hufyonza mti uliobeba, sivyo. Mmea huu si kimelea: hupata maji na madini ardhini, na hujitengenezea chakula kwa majani yake. Matawi machanga yana majani yenye ncha tatu hadi tano, lakini matawi yaliyokomaa, ambayo ndiyo yatoayo maua, yana majani yasiyogawanyika. Mtu asiyeujua aweza kudhani ni mimea miwili. Maua yake huchanua mwishoni mwa mwaka, maua mengine yakiwa haba, nayo huwafaa sana nyuki. Matunda yake meusi huliwa na ndege, lakini ni sumu kwa binadamu.

Walowezi wa Kiingereza walipofika Amerika ya Kaskazini katika karne ya 17, walikuta mmea uliofanana na hedera, wakauita «ivy» yenye sumu. Jina hilo lapotosha. Mmea huo, Toxicodendron radicans, ni wa ukoo wa mwembe na mkorosho. Mafuta yake huunguza ngozi, na kemikali zake zakaribiana na zile za ganda bichi la korosho, ambazo wabanguaji wazijua vyema. Utomvu wa hedera nao huwawasha baadhi ya watu, lakini sumu yake ni nyingine. Ndugu wa kweli wa hedera ni miti kama Cussonia, iotayo Afrika ya Mashariki.

Basi jina la kawaida laweza kuonyesha mfanano tu, wala si udugu. Hata hivyo lisidharauliwe, kwa kuwa limehifadhi ujuzi wa wenyeji. Mwanafunzi akusanyaye mimea na aandike jina la mahali, wilaya na tarehe, kisha akaushe tawi lenye majani pamoja na maua au matunda. Kwa sampuli hiyo mtaalamu ataweza kutambua jina la kisayansi. Na mgonjwa aliyekula tunda asilolijua huenda akaokolewa kwa utambuzi kama huo.